Kaseti haina mlango wa katikati: shajara ya kuokoa hifadhi ya redio, Lubumbashi

5 Juni

Kazi imeanza rasmi. Redio ndogo ya hapa Kamalondo ina masanduku mawili ya chuma yaliyojaa kaseti za kompyuta, zile nyeusi za LTO, aina ya kaseti za utepe wa kuhifadhia data, zinazoenea kiganjani, na hakuna aliyezisoma tangu fundi aliyezirekodi ahamie Kolwezi. Ndani mna vipindi vya miaka mingi: mahojiano na wastaafu wa reli na wa madini, kwaya, michezo ya kuigiza, hata matangazo ya misiba. Mtambo wa kuzisomea ulishakufa zamani. Mama mkurugenzi anataka vipindi virudi hewani, na anataka orodha ya vyote.

Nimezipanga mezani kwa vizazi. Nyingi ni LTO-3, gigabaiti 400 kila moja. Zilizobaki ni LTO-4, gigabaiti 800. Hilo ndilo linaloamua tutafute mtambo gani. Hadi kizazi cha 7, mtambo wa LTO husoma kizazi chake na viwili vya nyuma, na huandika kizazi chake na kimoja cha nyuma. Basi LTO-5 inatutosha: itasoma za 3 na za 4, na itatuandikia nakala mpya kwenye kaseti za terabaiti 1.5. LTO-6 ingesoma za 4 lakini ingezitema za 3. Muuzaji mmoja wa mjini ametusifia sana LTO-8 aliyo nayo, mpya, bado iko kwenye plastiki yake. Kwetu ingekuwa pambo la mezani, maana hiyo husoma za 7 na za 8, basi.

11 Juni

Mtambo umefika kwa basi kutoka Kasumbalesa, umefungwa blanketi. Umetumika, lakini kichwa chake kinaonekana kizima. Tumechomeka kadi ya SAS, ya kuunganishia mtambo, kwenye kompyuta ya studio, tukawasha Linux, na mtambo umejitokeza kwa majina mawili: /dev/st0 na /dev/nst0.

Mdogo wangu wa studio, anayenisaidia, aliuliza kwa nini kitu kimoja kina majina mawili. Swali zuri, kwa sababu jibu lake ndilo linalotofautisha utepe na diski. Kwenye diski unaitaja faili kwa jina, kichwa kinaruka hadi ilipo. Utepe haujui majina. Unajua mahali kichwa kilipo sasa, na unajua kwenda mbele au kurudi nyuma. Ukimaliza kusoma kupitia st0, mtambo unarudisha utepe wote mwanzoni. Ukitumia nst0, unauacha palepale ulipoishia, na amri inayofuata inaanzia hapo. Mahali ulipo ni sehemu ya hali ya mashine, nawe lazima ukumbuke. Tumekubaliana: nst0 kila wakati, na kabla ya jambo lolote tunauliza mtambo uko wapi kwa programu ya mt, ile ya kuuamuru mtambo: mt status au mt tell.

Kanuni ya pili tumeiandika kwa kalamu nene ukutani: kila kaseti inasogezwa kile kidude cha kufunga uandishi kabla haijaingia mtamboni. Kwenye diski ukiandika faili mpya, za zamani zinabaki zilipo. Kwenye utepe, popote unapoandika panakuwa mwisho wa data. Ukiandika baiti chache mwanzoni mwa kaseti iliyojaa, gigabaiti mia nne zilizo mbele yake bado ziko juu ya utepe, sumaku haijaguswa, lakini mtambo utakataa kwenda kuzisoma kwa sababu kwake data imeishia pale ulipoandika. Ni amri moja tu, na vipindi vya miaka mitano vimepotea.

14 Juni

Kaseti ya kwanza. Tumechagua LTO-3 isiyo na lebo, kwa hesabu kwamba ikiharibika hatutalaumiwa sana.

Tar, programu ya kufungasha faili nyingi pamoja na kuzifungua tena, iligoma papo hapo, ikalalamika kuwa kumbukumbu ya kompyuta haitoshi. Kompyuta ina gigabaiti 16. Lawama hiyo inamchanganya kila anayeiona mara ya kwanza, kwa hiyo naiandika hapa kwa urefu. Data kwenye utepe imekaa kwa bloku, yaani vipande vizima, na mtambo hautoi nusu bloku. Programu ikija na ndoo ndogo kuliko bloku, mfumo unakataa. Tar, usipoiambia kitu, huja na ndoo ya baiti 10,240. Dawa ni kuupa mtambo ruhusa ya bloku za ukubwa wowote kwa mt setblk 0, kisha kusoma bloku moja kwa dd, programu ya kunakili baiti zilivyo, ukiwa na ndoo kubwa ya megabaiti nzima, halafu kupima kilichotoka. Kilitoka kipande cha baiti 262,144. Fundi wa zamani alitumia bloku za kilobaiti 256, yaani vipande 512 vya baiti 512. Tukaiambia tar -b 512, na majina ya faili yakaanza kushuka kwenye skrini.

Mdogo wangu alipiga kelele alipoona jina la kwaya ya parokia yao.

Mpangilio sasa unaeleweka. Kila usiku wa nakala ni fungu moja la tar, na baada ya kila fungu kuna alama ya faili, doa maalumu ambalo mtambo unaweza kulitafuta kwa mwendo wa kasi bila kusoma kilicho kati. Ukisema mt fsf 7, unapita alama saba na kusimama mwanzo wa fungu linalofuata. Ndani ya ganda la kaseti kuna chipu ndogo inayosomwa kwa redio, na humo mtambo unaweka kumbukumbu ya kila pito la utepe, la kwenda au la kurudi, lina alama ngapi. Ndiyo maana haukisii njia. Ndani ya fungu lenyewe, hata hivyo, chipu haikusaidii kitu. Hapo ni tar.

17 Juni

Siku ya leo naiandika kirefu kwa sababu imebadili namna ninavyoifanya kazi hii.

Mama mkurugenzi alimwalika mzee mmoja mstaafu, jirani yao wa Katuba, ambaye miaka ya 1970 na 1980 alikuwa opereta wa kompyuta kwenye mishahara ya kampuni kubwa ya madini. Alikuja na kofia yake, akaketi, akaiangalia kaseti ya LTO pande zote, akaicheka kwa udogo wake. Kisha akaniuliza natafutaje kipindi kimoja ndani ya kaseti. Nikamweleza.

«Mwanangu,» akasema, «sisi hatukukuwaka na kutafuta. Kutafuta mutu moya mu bande? Apana. Unapita kwa bote.»

Bande kwake ni utepe. Nikamwomba anieleze, akachukua karatasi.

Reli zao za utepe, yaani magurudumu ya utepe ulioviringishwa, zilikuwa na upana wa nusu inchi, ule ule wa LTO ya leo, na urefu wa futi 2,400, kama mita 730. Ziliandikwa herufi 1,600 kwa kila inchi. Kadi moja ya karatasi, iliyotobolewa matundu ya data, ina herufi 80, kwa hiyo kwenye utepe kadi nzima inachukua milimita 1.3 hivi. Lakini kati ya bloku na bloku lazima paachwe pengo, kwa sababu kichwa husoma utepe ukiwa kwenye mwendo ulio sawa, na mota inahitaji nafasi ya kushika mwendo na nafasi ya kusimama. Pengo hilo lilikuwa inchi 0.6, milimita 15. Ukiandika kadi moja kwa kila bloku, zaidi ya tisa ya kumi ya utepe wako ni tupu. Basi walikusanya kadi 50 ndani ya bloku moja: herufi 4,000, sentimita 6 na zaidi kidogo za data kwa kila sentimita moja na nusu ya pengo. Nilipiga hesabu baada ya yeye kuondoka. Reli ile ile inapanda kutoka megabaiti tatu na nusu hivi hadi karibu 37, na hakuna kilichobadilika isipokuwa namna ya kufunga mzigo. Ndilo jambo lile lile la bloku za kilobaiti 256 tulilopambana nalo juzi, limekuja na nguo nyingine.

Halafu akafika kwenye mishahara. Reli kuu ilikuwa na wafanyakazi wote, wamepangwa kwa namba. Taarifa za mwezi, yaani saa za ziada, siku za kukosa kazi, walioajiriwa, walioondoka, zilitobolewa kwenye kadi, zikaingizwa kwenye reli ya pili, nazo zikapangwa kwa namba ile ile. Reli ya tatu ilikuwa tupu. Mashine inasoma mtu mmoja kutoka reli kuu na taarifa moja kutoka reli ya mwezi, inalinganisha namba. Zikilingana, inarekebisha na kuandika kwenye reli ya tatu. Namba ya reli kuu ikiwa ndogo, mtu huyo hana jipya, ananakiliwa alivyo. Namba ya taarifa ikiwa ndogo, huyo ni mgeni, anaingizwa hapo. Mbele, mbele, mbele, hadi reli zote mbili ziishe. Kumbukumbu ya mashine inahitaji kushika bloku chache tu kwa wakati mmoja, hata kama kampuni ina makumi ya maelfu.

Reli ya zamani haiguswi. Inawekwa kabatini pamoja na kadi za mwezi ule. Mwezi unaofuata, reli mpya inakuwa ya zamani. Waliziita babu, baba na mwana: mwana akiharibika, unamzaa upya kutoka kwa baba. Na ili mtu asiandike juu ya baba kwa bahati mbaya, nyuma ya reli kulikuwa na pete ya plastiki. Pete ikitolewa, mashine haiandiki. Alipokiona kile kidude chekundu cha kaseti yetu alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Nilimuuliza walipangaje taarifa kwa namba ikiwa kumbukumbu ni ndogo hivyo. Kwa reli nne, akasema. Unasoma kiasi kinachoenea kwenye kumbukumbu, unakipanga, unakiandika kama kundi kwenye reli ya kwanza, kundi linalofuata kwenye ya pili, unarudi kwenye ya kwanza. Kisha unayaunganisha makundi mawili mawili kwenda kwenye reli nyingine mbili, na kila raundi urefu wa makundi unakuwa mara mbili. Opereta kazi yake ni kubeba reli na kunywa chai.

Nimebaki na neno lake la kupita kwa wote. Mimi nilikuwa naiwaza kaseti kama diski iliyozeeka, diski mbovu yenye miguu mizito. Wale wazee hawakuwahi kuwa na diski ya kuilinganisha nayo kila dakika, kwa hiyo walipanga kazi yenyewe ifuate mwendo wa utepe. Tena hata hifadhidata za benki za leo, kabla hazijagusa jedwali lolote, huandika kwanza kila badiliko kwenye daftari la kuongezea mwishoni tu, mstari baada ya mstari. Kuandika mbele bila kuruka ni rahisi kwa kila chombo, diski nayo imo.

20 Juni

Kuhusu mwendo. Kaseti ya LTO-4 ina utepe wa mita 820 na njia 896, lakini kichwa kinaandika njia 16 kwa pamoja. Kinaenda hadi mwisho, kinashuka kidogo, kinarudi kinyumenyume kikiandika 16 nyingine, kama mkulima anayelima tuta kwenda na tuta la pili kurudi. Mapito 56 yanamaliza upana wote. Zidisha: kilomita kama 46 za utepe kupita mbele ya kichwa. Kutoka hapa hadi Kipushi ni kilomita 30 hivi, basi ni kwenda Kipushi na kurudi nusu ya njia, kwa saa moja na dakika 50, megabaiti 120 kila sekunde. Wanaosema utepe ni wa polepole hawajapiga hesabu hii. Diski zetu za nje hazifikishi hata theluthi.

Na hapo ndipo tatizo la wiki hii lilipo. Tulikuwa tunanakili kwenda kwenye diski ya zamani ya USB 2, inayopokea megabaiti 30 hivi kwa sekunde. Mtambo ukawa unatoa sauti isiyo ya kawaida: unavuma, unanyamaza, unarudi nyuma kwa mlio mwembamba, unavuma tena. Mlinzi wa redio alikuja kuchungulia dirishani. Kilichokuwa kinatokea ni hiki: kumbukumbu ya muda ya mtambo inajaa kwa sababu diski haipokei haraka, mtambo unalazimika kusimama, lakini utepe unaokwenda mita saba kwa sekunde hausimami papo hapo. Unapitiliza. Ili kuendelea, lazima urudi nyuma ya pale ulipoishia, ushike mwendo upya, na ukifika pale uwe tayari kwenye kasi. Sekunde kadhaa zinapotea kila mara, na kipande kile kile cha utepe kinasuguliwa tena na tena. Mtambo una uwezo wa kupunguza mwendo ufanane na kompyuta, lakini kuna kiwango ambacho haushuki chini yake.

Tumenunua diski ya SSD na kuiweka ndani ya kompyuta iwe kituo cha kupokelea. Kutoka hapo data inahamia kwenye diski za nje taratibu, usiku. Mtambo sasa unavuma sauti moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na mlinzi hajarudi.

Vumbi: msimu wa kiangazi umeshika na barabara ya nyuma ni nyekundu. Dirisha limefungwa kwa plastiki, kaseti zinatoka ndani ya vikasha vyake dakika ile zinapoingia mtamboni. Kaseti ya kusafishia kichwa imeagizwa.

28 Juni

Orodha. Mama mkurugenzi aliiomba kwanza, nakala baadaye, na ombi lake lina mantiki kwa anayefikiria makabati. Kwa utepe lina gharama. Tar haina faharasa. Mbele ya kila faili kuna kichwa cha habari cha baiti 512, chenye jina, ukubwa na tarehe, kisha faili yenyewe, kisha kichwa cha faili inayofuata. Ili uyaone majina yote lazima uyapite mafaili yote. Zip ingefanya tofauti: yenyewe huweka orodha yake mwisho wa faili, jambo zuri kwenye diski na balaa kwenye utepe, ambako ungekimbia hadi mwisho ili kujua kilichoko mwanzo. Tar iliundwa kwa ajili ya utepe, hata jina lake limetoka huko, na tangu ilipoingia kwenye mfumo wa kompyuta wa Unix, toleo la 7, mwaka 1979 imebaki kusomeka.

Kwa hiyo kutoa orodha ya kaseti kunachukua muda ule ule wa kuinakili yote. Nimemweleza hivyo. Akauliza swali ambalo lilikuwa limenikaa mdomoni: «Sasa ju ya nini unapita bure?» Tumekubaliana kwamba kaseti ikiingia inanakiliwa nzima kwa pito moja, na orodha inazaliwa njiani. Tar ikiambiwa -R inataja pia namba ya bloku ya kila faili, nami naziweka kwenye jedwali: kaseti, fungu, bloku, jina, ukubwa.

Saa moja ya sauti ya ubora wa CD bila kubanwa ni megabaiti 635. Kaseti ya LTO-4 iliyojaa inaweza kubeba zaidi ya saa 1,250. Wamejaza.

9 Julai

Nafasi kwenye diski haitoshi kaseti zote, tulijua. Nyingine zitasubiri fedha. Wakati huo watu wamesikia habari na maombi yanamiminika: familia inataka sauti ya marehemu babu yao aliyehojiwa kuhusu kambi za wafanyakazi, mtafiti wa chuo kikuu anataka michezo yote ya kuigiza, kwaya tatu zinataka nyimbo zao, na moja inazitaka kabla ya Jumapili.

Kwa kaseti ambazo tayari zina orodha lakini nakala yake tumeifuta ili kupata nafasi, kila ombi ni safari ndani ya utepe. Kutoka mwanzo hadi mahali popote huchukua wastani wa karibu dakika moja. Dakika moja si kitu. Maombi arobaini yakifuatwa kwa utaratibu wa nani alipiga simu kwanza ni utepe kukimbia huku na huko asubuhi nzima, na kila mkimbio unauchosha.

Hapa nimemfuata mzee wa Katuba. Maombi hayajibiwi yanapofika. Yanaandikwa kwenye faili moja ya maandishi, na Jumanne na Ijumaa jioni programu fupi niliyoiandika inayachukua yote, inayapanga kwa kaseti, ndani ya kaseti kwa fungu, ndani ya fungu kwa bloku, kisha inakwenda mbele mara moja. Orodha ya kaseti na orodha ya maombi, zote zimepangwa, zinasomwa sambamba: ni mishahara ile ile. Anayeomba Jumatano anaambiwa Ijumaa. Mdogo wangu aliona aibu kuwaambia watu wasubiri. Mimi naona ni afadhali wote wapate Ijumaa kuliko watano wa kwanza wapate leo na kaseti ipate makovu.

Upangaji wa namba za bloku una kasoro, naiweka wazi kwa atakayeichukua programu. Kwa kuwa utepe unaandikwa kwenda na kurudi, bloku ya mwanzo wa pito la kwanza na bloku ya mwisho wa pito la pili zinaishi jirani kabisa, ingawa kwa namba ziko mbali. Njia fupi ya kweli haifuati namba moja kwa moja. Mitambo ya LTO-9 inaweza kuulizwa ipendekeze mpangilio bora yenyewe. Wa kwetu hauna akili hiyo, na kwa maombi yetu hasara yake ni ndogo.

Kwaya ilipata nyimbo zake Ijumaa. Kabla ya Jumapili.

23 Julai

Kaseti mbili mbovu, na kati yake kuna somo ambalo ningependa lifike kwa kila anayehifadhi kitu.

Zote mbili zina doa lisilosomeka, moja karibu na katikati, nyingine mapema zaidi. Ya kwanza ni tar peke yake, bila mbano wowote. Kichwa kilipofika kwenye doa, mtambo ulijaribu, ukarudi, ukajaribu, ukatangaza kosa. Tuliruka mbele kwa mt fsr hadi nje ya doa na kuanza kusoma. Tar ililalamika kwamba inachokiona si kichwa cha habari, ikaendelea kusogea hadi ikakutana na kilicho halali, na kazi ikaendelea. Tumepoteza kipindi kimoja na kipande cha kingine.

Ya pili ilibanwa kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa data, kabla ya kuandikwa, fungu zima likiwa mtiririko mmoja. Katika mbano wa namna hiyo kila kipande kinategemea kilichotangulia. Baada ya doa utepe unasomeka vizuri kabisa, baiti zinatoka safi, na hazina maana yoyote. Kila kilichokuja baada ya doa ndani ya fungu lile kimekwenda. Yaliyookoka ni mafungu mengine, kwa sababu kila moja lilianza upya baada ya alama yake ya faili.

Mbano unaofanywa na mtambo wenyewe ndani kwa ndani hauna ubaya huo, maana haufungi fungu zima kuwa mnyororo mmoja. Wanaotumia gzip juu ya utepe wanaokoa nafasi kidogo, na sauti yenyewe haibaniki sana. Sioni faida.

6 Agosti

Umeme umekuwa wa kukatika jioni. Katika kusoma haidhuru: betri ya akiba inashika dakika za kutosha kusimamisha kazi, na hata ikishindwa, utepe unabaki ndani ya mtambo hadi umeme urudi, kisha unaviringishwa. Katika kuandika ni jambo jingine, kwa sababu alama ya mwisho wa data inaweza isiandikwe. Tutaandika asubuhi.

Swali lililobaki ni namna ya kuandika nakala mpya kwenye LTO-5. Kizazi hicho kilikuja mwaka 2010 na uwezo wa kugawa utepe sehemu mbili, na juu yake pakajengwa LTFS: sehemu ndogo inashika faharasa, kubwa inashika data, na kaseti inaonekana kwenye kompyuta kama folda ya kawaida. Faharasa inaweza kuandikwa upya bila kugusa data, jambo ambalo utepe wa sehemu moja hauruhusu. Mdogo wangu ameipenda sana. Ni nzuri kweli. Tatizo langu ni hiyo sura ya folda. Mtangazaji akiiona atabofya wimbo wa kwanza, kisha wa mia, kisha programu yake ya kusikiliza itataka kuchungulia kila faili ili ionyeshe muda wake, na utepe utaanza kukimbia ndani ya ganda huku yeye anadhani kompyuta imekwama. Pia ukifuta faili kwenye LTFS nafasi hairudi. Jina linatoka kwenye faharasa, data inabaki inalala pale pale.

Nimeamua tar, bloku za kilobaiti 256 kama za fundi wa Kolwezi, bila gzip. Mafungu madogo ya gigabaiti 20 hivi, ili doa moja lisile sana. Ndani ya kaseti vipindi vinafuatana kwa jinsi vitakavyoombwa pamoja: kwaya moja mfululizo, mzee mmoja mfululizo hata kama mahojiano yake yalifanyika miaka tofauti. Tarehe zinakaa kwenye jedwali. Hapa ndipo mtu anaweza kubishana nami, na mama mkurugenzi alibishana, angependa kufuata miaka. Lakini mpangilio wa utepe unaamuliwa mara moja, siku ya kuandika, na anayekuja kuomba hasemi «nipe ya mwaka 2006». Anasema «nipe ya babu».

Orodha ya kila kaseti inaandikwa kuwa fungu la kwanza, kwa sababu kabla ya kuandika tayari tunajua kila kitakachoingia. Nakala nyingine ya orodha iko kwenye diski, na moja imechapwa kwenye karatasi na kukunjwa ndani ya kikasha cha kaseti.

14 Agosti

Kaseti mpya ya kwanza imejaa, imesomwa tena yote na kulinganishwa na chanzo. Kila faili inalingana. Nakala yake ya pili inaandikwa kesho asubuhi na itakwenda kukaa nyumbani kwa mama mkurugenzi, mbali na studio.

Kaseti ya kusafishia imefika. LTO-3 nane bado hazijaingia mtamboni. Zimetolewa sandukuni na zinalala studio usiku wa leo ili zizoee hewa ya chumba. Maombi ya Ijumaa yamefungwa. Anayetaka kuongeza jina aandike kwenye faili, itachukuliwa Jumanne.